Madikteta wa miaka ya 1930 na Marekani "isiyo na upande": tunayosimuliana na yaliyotokea

Hadithi yenyewe tunaijua: madikteta wakapindua serikali Ulaya, Marekani ikakaa kando, Japani ikaipiga Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii, Marekani ikaingia vitani. Si uongo mtupu, ila inaruka mahali penye uzito.

Dhana: Mussolini wa Italia na Hitler wa Ujerumani walitwaa madaraka kwa nguvu

Mussolini mwenyewe alipenda watu waamini hivyo. Oktoba 1922, Mashati Meusi, wanamgambo wake, walipokuwa wakielekea Roma, yeye alikuwa Milano akisubiri habari. Mfalme Vittorio Emanuele III akakataa kutia saini amri ya hali ya hatari, kisha akamwita aunde serikali. Mwanamapinduzi wetu akapanda treni ya usiku, behewa la vitanda, akaenda kukabidhiwa uwaziri mkuu.

Hitler naye hakuingia akiwa kileleni. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 chama chake kilishuka kutoka viti 230 hadi 196. Wanasiasa wa kihafidhina ndio waliomshawishi Rais Hindenburg amteue kuwa chansela, Januari 30, 1933, wakiamini watamdhibiti kwa kumzungushia mawaziri wao. Machi 23 Bunge likampa mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge, kwa kura 444 dhidi ya 94. Vitisho vilikuwepo: wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamekamatwa au wamekimbia, na wanamgambo walijaa ukumbini. Hata hivyo chama cha Wanademokrasia wa Kijamii kilisimama kikasema hapana. Vyama vya kati, vilivyokuwa na hofu ileile, vikasema ndiyo.

Dhana: sheria za Marekani za kutoegemea upande hazikumpendelea yeyote

Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Sheria ya Agosti 1935 ilipiga marufuku kuuza silaha kwa nchi yoyote iliyo vitani, mchokozi na aliyechokozwa sawasawa. Haikutokana na ujinga. Wamarekani zaidi ya 100,000 walikuwa wamekufa katika Vita vya Kwanza, na kamati ya Seneta Gerald Nye ilikuwa ikianika faida walizovuna wafanyabiashara wa silaha. Watu hawakutaka tena.

Lakini itazame sheria hiyo ikifanya kazi. Oktoba 3, 1935, Italia iliivamia Ethiopia. Siku mbili baadaye Rais Roosevelt wa Marekani akatangaza marufuku kwa pande zote mbili. Italia ilikuwa na viwanda vyake vya ndege, mizinga na mabomu. Ethiopia ilitegemea silaha za kununua nje. Kwa hiyo marufuku ile "ya haki" ilimfunga mikono mmoja tu. Halafu kuna mafuta. Sheria ilitaja silaha, haikutaja mafuta, na mafuta ya Marekani yaliyokwenda Italia yaliongezeka badala ya kupungua; Roosevelt aliwasihi wafanyabiashara wajizuie, wao wakaendelea kuuza. Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa, nao uliacha mafuta nje ya vikwazo vyake, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba Marekani, isiyokuwa mwanachama, ingeweza kuziba pengo. Malori yaliyopanda milima ya Ethiopia na ndege zilizomwaga gesi ya sumu vilihitaji petroli. Addis Ababa ikaanguka Mei 5, 1936.

Waliokuja kulipa sehemu ya deni hilo ni pamoja na vijana wa huku kwetu: mwaka 1941 askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) walikuwa katika majeshi yaliyowang'oa Waitalia Ethiopia.

Dhana: Marekani ilikuwa na amani hadi Desemba 7, 1941

Mwaka 1939 Bunge la Marekani liliruhusu silaha ziuzwe kwa masharti ya kulipa taslimu na kubeba kwa meli zako, jambo lililoifaa Uingereza yenye meli. Mwaka 1940 Uingereza ikapewa manowari 50 za zamani kwa kubadilishana na haki ya kujenga kambi katika makoloni yake. Machi 1941 masharti ya taslimu yakawekwa kando, silaha zikatolewa kwa mkopo. Oktoba 31, nyambizi ya Ujerumani ikaizamisha manowari ya Marekani, Reuben James, ikaua mabaharia zaidi ya 100. Hiyo ni zaidi ya mwezi mmoja kabla ya Pearl Harbor.

Na bado nchi ilikuwa imegawanyika. Agosti Baraza la Wawakilishi lilirefusha muda wa askari walioitwa jeshini kwa kura 203 dhidi ya 202.

Dhana: Roosevelt alijua Pearl Harbor itashambuliwa, akanyamaza

Tahadhari ya vita ilitumwa kwa makamanda wa Pasifiki Novemba 27, ila macho yalikuwa Ufilipino na Asia ya Kusini-Mashariki. Asubuhi yenyewe ya Desemba 7, saa moja na dakika mbili, askari wawili wa rada waliona kundi kubwa la ndege likija. Wakapiga simu. Ofisa aliyekuwa zamu akadhani ni ndege za Marekani zilizotarajiwa kutoka California, akawaambia wasijali. Mabomu yalianza kuanguka dakika hamsini na kitu baadaye. Uzembe unatosha kueleza mengi.

Dhana: Marekani ndiyo iliyomtangazia Hitler vita

Desemba 8 Roosevelt aliomba vita dhidi ya Japani tu. Ujerumani hata hakuitaja. Mkataba wa Hitler na Japani ulimtaka asaidie ikiwa Japani itashambuliwa, na safari hii Japani ndiyo iliyoshambulia. Hakubanwa na lolote. Desemba 11 akatangaza vita mwenyewe, na Bunge la Marekani likajibu siku hiyohiyo.