Risasi inapojifanya kalsiamu ndani ya seli za mfupa

Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya madini ya risasi yaliyobaki mwilini yamo mifupani. Kwenye damu nusu yake huondoka kwa mwezi mmoja hivi. Kwenye mfupa mgumu hukaa miaka 10 hadi 30. Kwa sababu hiyo wengi huuona mfupa kama ghala. Mimi nashughulika na seli za mfupa maabarani, na neno hilo silipendi. Humo mna seli hai, na risasi haikai nazo kimya.

Ioni ya risasi ina chaji mbili chanya sawa na kalsiamu, na ukubwa wao umekaribiana, hivyo huingia kwa njia zile zile. Seli iliyotulia hubakiza ndani yake kalsiamu huru kidogo mno, takriban nanomola 100, mara 10,000 pungufu ya iliyo nje. Pengo hilo ndilo linaloifanya kalsiamu iwe ishara: ikipanda kidogo tu, seli huitikia. Sasa risasi hushikamana na protini kama kalmodulini, inayopaswa kuisoma kalsiamu. Katika majaribio ya osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa, kalsiamu huru hupanda, tena vitamini D haiziamshi ipasavyo kutengeneza osteokalsini, protini ya mfupa.

Lakini tumejuaje kwamba kilichopanda ni kalsiamu? Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na mitego pia. Rangi ya fura-2, tunayoitumia kupima kalsiamu kwa mng'ao, huishika risasi kwa nguvu kuliko kalsiamu yenyewe. Usipoangalia, utasoma risasi na kuandika kalsiamu. Dawa moja, TPEN, hunyakua metali nzito na kuiacha kalsiamu karibu ilivyo. Ukiitia na mng'ao ukashuka, ujue ulichokuwa unakiona. Bora zaidi ni mwangwi wa sumaku wa florini-19, yaani kuipima kwa sumaku kemikali yenye florini inayoshika metali, kwa kuwa kila metali huonyesha kilele chake. Nikisoma utafiti usiogusia jambo hili, grafu zake hazinishughulishi.

Jingine: risasi hugandamana na fosfati ya kimiminika cha kukuzia seli na kuzama, kwa hiyo kiasi ulichomimina sicho kinachozifikia seli.

Mwilini mambo ni mazito zaidi. Osteoklasti, yaani seli zinazovunja mfupa, zinapouyeyusha, kama wakati wa ujauzito, kunyonyesha au baada ya kukoma hedhi, risasi ya zamani huachiliwa papo hapo kando ya seli. Kiwango kinachozizunguka kinaweza kuzidi kwa mbali kile ambacho kipimo cha damu kitaonyesha.