Kabla ya kununua mashine ya riverbu, hesabu matundu ya kadi yako ya sauti

Vijana wanaorekodi nyumbani huniuliza mashine gani ya riverbu, yaani ya kuongeza mwangwi kwenye sauti, ina sauti tamu kuliko zote. Nami huwauliza: kadi yako ya sauti, kile kifaa kinachounganisha maikrofoni na spika na kompyuta, ina matundu mangapi ya kutolea? Kama ni mawili tu, kama ilivyo kadi ya Scarlett 2i2, yote yameshachukuliwa na spika, na mashine hata iwe ya bei gani haina pa kuchomekwa. Unahitaji angalau tundu moja la kuipelekea sauti na mawili ya kupokea mwangwi wake wa stirio, mbali na lile la maikrofoni. Tena chunguza hedifoni inalishwa na nini, kwa sababu kwenye baadhi ya kadi hedifoni hurudia kile kile kinachotoka tundu la 3 na la 4. Hapo ukitumia matundu hayo kwa mashine, umemharibia mwimbaji anachosikia.

Niseme mapema pia kwamba sishauri mtu anunue mashine kwa imani kuwa ina ladha ambayo programu haiwezi kuitoa. Ukiacha zile za springi na za bati, karibu zote ni kompyuta ndani ya kasha. Ndivyo ilivyokuwa kwa EMT 250 ya Ujerumani iliyotoka mwaka 1976, na kwa Lexicon 224 ya Marekani mwaka 1978. Kabla ya hizo studio kubwa zilitegemea EMT 140 ya mwaka 1957, bati la chuma lililoning'inizwa ndani ya sanduku, vyote pamoja vikizidi robo tani. Plagini za leo, yaani programu za mwangwi ndani ya kompyuta, zinaziiga zote hizo vizuri sana, na ninapomiksi ndizo ninazotumia.

Thamani ya mashine naiona wakati wa kurekodi. Mwimbaji akijisikia mkavu, bila mwangwi, kwenye hedifoni hukaza koo, hukata noti ya mwisho wa mstari kabla haijaisha, na wengine huanza kuimba kwa nguvu wasiyoihitaji. Mpe mwangwi kidogo tu, utaona mabega yanashuka na noti inaachiwa mpaka mwisho. Kumpa mwangwi huo kwa plagini kuna kikwazo cha ucheleweshaji. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata, ikiwa ya sampuli 256 kwa 48 kHz ni zaidi ya milisekunde 5 sauti ikiingia na nyingine kiasi hicho ikitoka, kabla hujahesabu kazi ya kadi yenyewe. Anayeimba taarabu, mwenye mapambo ya haraka kooni, analihisi pengo hilo hata kama hawezi kulieleza. Ukipunguza bafa, kompyuta ya kawaida iliyobeba traki nyingi inaanza kukwaruza.

Kwa mashine njia ni fupi. Fungua mixa ya ndani ya kadi, ile ya kupanga sauti iende wapi, pitisha sauti ya maikrofoni moja kwa moja hadi kwenye hedifoni, kisha itume pia kwenye mashine. Mwangwi unarudi kupitia matundu ya laini na kuingia hedifoni hiyo hiyo, bila kompyuta kuhusika. Mashine nayo inachukua milisekunde chache kugeuza sauti, lakini hizo hazidhuru, maana kinachochelewa ni mwangwi peke yake, na mwangwi siku zote huja nyuma ya sauti. Rekodi sauti kavu kwenye traki yake na mwangwi kwenye traki ya pili, uamue baadaye kama utaubakiza.

Hapa mashine itoe mwangwi mtupu: kitufe cha Mix kizungushe hadi mwisho upande wa mwangwi. Sauti kavu ikipita humo nayo, itakutana na ile ya moja kwa moja ikiwa imechelewa kidogo, na mwimbaji atasikika kama anaimba ndani ya bomba.

Wengi wetu tutanunua ya mtumba, na si jambo baya. Yamaha SPX90 ya mwaka 1985 bado inapatikana. Inapokea mono na kutoa stirio, na mwangwi wake unaishia 12 kHz, yaani hauna sauti kali za juu kabisa. Kwa sauti ya mtu mmoja au snea, ile ngoma yenye mlio mkali, mimi naupenda ufinyu huo, kwa kuwa mwangwi unabaki nyuma na haugombani na silabi zenye s na sh. Kwa kwaya inayotaka ukumbi mpana ningetafuta ya baadaye, kama Lexicon MPX 110 au TC Electronic M-One, zinazopokea stirio. Bricasti M7 ni bora kuliko zote hizo, ila inauzwa kwa maelfu ya dola. Mwenye chumba kisichotibiwa kwa vifaa vya kufyonza sauti aanze na chumba.

Umeme uuangalie kwa makini. SPX90 iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, nasi tuna 230 Tanzania na 240 Kenya. Soma maandishi ya nyuma ya kasha, na kama yanakataa umeme wetu, weka bajeti ya transfoma. MPX 110 na Alesis Quadraverb hutumia adapta ya volti 9 AC. Adapta nyingi za madukani hutoa DC, na hiyo haifai, hata kama plagi inaingia vizuri.

Ukienda kuijaribu, beba hedifoni zako, na kwenye simu uwe na mlio mmoja mfupi wa fimbo kwenye ukingo wa ngoma. Weka mwangwi wa sekunde 3, piga mlio mara moja, kisha nyamaza. Sikiliza mkia unavyokufa: unafifia kwa ulaini, au unalia noti moja ya chuma inayobaki peke yake? Noti hiyo ikisikika dukani, kwenye wimbo itasikika kila snea inapopigwa. Zungusha vitufe vyote usikie kama vinakwaruza. Hifadhi mpangilio wako, zima mashine, iwashe tena. Mpangilio ukiwa umepotea, betri ya ndani imekufa, na katika mashine nyingi za zamani imelehemiwa kwenye bodi. Fundi anaibadilisha, kwa hiyo mwombe muuzaji apunguze bei.