Je, wajua kwa nini msanidi programu mwenye kasi si yule anayechapa haraka?

Kaa nyuma ya msanidi programu hodari kwa saa moja umtazame. Utashangaa jinsi mikono yake inavyokaa bure. Anachapa mistari mitatu, anaitazama, anafuta miwili, anaendesha programu, anasoma kilichotokea, anajikuna kichwa. Karani wa kawaida anayechapa maneno 40 kwa dakika angemaliza mistari 100 ya msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa chini ya nusu saa. Na mistari 100 iliyojaribiwa na inayofanya kazi sawasawa ni mavuno mazuri ya siku nzima. Sasa zile saa saba nyingine zimekwenda wapi?

Zimekwenda kwenye kutafuta majibu na kuyasubiri. Kuandika programu ni mfululizo wa maswali madogo madogo. Hii namba inatoka wapi? Nikigusa hapa, kule kutaharibika? Kwa nini jana ilikubali na leo imegoma? Anayepata jibu kwa sekunde mbili atauliza maswali mengi kwa siku. Anayelisubiri dakika kumi atauliza machache, halafu atachoka na kuanza kubahatisha. Hapo ndipo watu wawili wenye elimu sawa na mshahara sawa wanapoachana.

Mabosi wengi wamejaribu kuipima kazi hii kwa idadi ya mistari. Mwanzoni mwa 1982, kwenye timu ya Apple iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya Lisa, wahandisi walitakiwa kujaza fomu kila wiki waeleze wameandika mistari mingapi. Mmoja wao, Bill Atkinson, alikuwa ametoka kuandika upya sehemu ya mfumo wake wa michoro, ikawa na kasi mara sita zaidi huku ikipungua takriban mistari 2,000. Kwenye nafasi ya idadi akajaza -2000. Baada ya wiki chache, wakubwa wakaacha kumletea fomu.

Ili kuona uzito wa kusubiri, turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, msanidi aliandika programu yake kwenye karatasi, ikatobolewa kwenye kadi, kila kadi ya kampuni ya kompyuta ya IBM ikiwa na safu 80, kisha bunda la kadi likakabidhiwa kwa wahudumu wa kompyuta. Matokeo yalitoka baadaye siku hiyo, au kesho yake. Ukisahau koma moja, kesho unaambiwa umesahau koma. Unairekebisha na kungoja kesho kutwa uambiwe kosa la pili. Watu wa zama hizo walisoma msimbo wao kwa macho makali sana kabla ya kuupeleka, na si kwa kuwa walikuwa na akili kutuzidi. Kila swali liliwagharimu siku.

Mwaka 1968, watafiti Sackman, Erikson na Grant walichapisha jaribio la kulinganisha wasanidi wanaofanya kazi wakiwa mbele ya kompyuta na wale wanaopeleka kazi na kungoja. Waliokuwa mbele ya mashine waliondoa makosa kwa saa chache zaidi. Lakini jambo lililobaki midomoni mwa watu ni jingine: kati ya msanidi bora na dhaifu, tofauti kwenye kuondoa makosa ilifika mara 28. Hapo ndipo palipopata nguvu hadithi ya msanidi mmoja anayefaa kumi. Wanaopenda kuisimulia husahau kusema kwamba wasanidi wazoefu waliopimwa walikuwa 12 tu, na kwamba tarakimu hiyo ilichanganya waliotumia lugha tofauti za programu na mazingira tofauti ya kazi. Kwa maoni yangu hadithi hiyo imeumiza vijana wengi. Inawafanya waamini kasi ni kipaji cha kuzaliwa nacho, wakati nusu ya jaribio lenyewe ilihusu kitu kinachobadilishika, yaani muda wa kupata jibu.

IBM walilitazama jambo hilo kwa karibu zaidi. Mwaka 1982 Walter Doherty na Ahrvind Thadani waliandika kuhusu kinachotokea kompyuta ikijibu chini ya nusu sekunde. Ungetegemea kwamba ukipunguza sekunde mbili za kungoja, unaokoa sekunde mbili. Wao waliona zaidi ya hapo: mashine ilipoharakisha, na mtu naye aliharakisha. Muda aliotumia kufikiri kabla ya kutoa amri inayofuata ulipungua pia.

Sababu iko kichwani. Kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, katika makala yake ya 2001, aliikadiria kwenye vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Msanidi anayetafuta kosa amevishika vyote vinne: thamani ya kigezo fulani, mstari anaoushuku, alichokibadilisha sasa hivi, na anachotegemea kukiona. Jibu likija papo hapo, bado amevishika. Likichelewa dakika tatu, atafungua simu, na akirudi inabidi aokote kimoja kimoja.

Hata kampuni tajiri hazijasalimika. Mwaka 2007 Rob Pike wa Google alikuwa anafanya kazi kwenye programu kubwa iliyoandikwa kwa lugha ya C++, ambayo kila ikijengwa upya, yaani msimbo ukigeuzwa kuwa programu inayoweza kuendeshwa, ilichukua kama dakika 45, licha ya kugawanywa kwenye kundi kubwa la kompyuta. Katika kusubiri huko, yeye na wenzake Robert Griesemer na Ken Thompson wakaanza kuchora lugha mpya. Ilitangazwa Novemba 2009 kwa jina la Go, na kujengwa haraka ni mojawapo ya mambo waliyoyalenga tangu mwanzo.

Wewe na mimi hatutabuni lugha mpya kwa sababu ya kuchoshwa na kusubiri. Lakini kuna mengi ambayo mtu mmoja, bila cheo wala bajeti, anaweza kuyafupisha.

Chukua kazi ambayo wasanidi wengi wa Nairobi wamewahi kuigusa: duka la mtandaoni linalopokea malipo kwa M-Pesa. Mteja huandika namba yake apendavyo. Mmoja ataanza na 07, mwingine na +254, mwingine ataacha nafasi katikati. Mfumo wa malipo wenyewe unataka namba inayoanza na 254, bila alama ya kujumlisha wala nafasi. Kwa hiyo mahali fulani ndani ya programu kuna kipande kifupi cha msimbo chenye kazi ya kusafisha namba. Siku moja mteja analalamika kwamba yake inakataliwa.

Msanidi wa kwanza anafungua duka kwenye kivinjari, anaweka nywila, anatia bidhaa kwenye kikapu, anaandika namba, anabonyeza kitufe cha kulipa, anangoja ombi liende kwenye seva na kurudi. Dakika mbili. Imekataliwa. Anabadilisha mstari mmoja, anaanza tena kwenye nywila.

Msanidi wa pili anaandika faili dogo linalokiita kile kipande peke yake, bila duka, bila seva, bila intaneti. Analipatia faili hilo namba tano za mfano: moja ya 07, moja yenye +254, moja yenye nafasi, moja iliyopungua tarakimu ambayo ni lazima ikataliwe, na moja ya 01. Analiendesha. Chini ya sekunde moja anaona nne zimejibu inavyotakiwa, ya 01 imeanguka. Sababu inajitokeza bila kutafutwa: aliyeandika kipande hicho aliamini kila namba ya simu ya mkononi nchini Kenya inaanza na 07. Alikuwa sahihi hadi 2019, namba za 01 zilipoanza kutolewa. Yule wa kwanza huenda bado yuko kwenye kikapu.

Na lile faili halitupwi. Mwakani mtu akigusa msimbo huo tena, litamjibu kwa sekunde ile ile, hata kama aliyeliandika ameshahama kampuni.

Mara nyingine swali si kitu gani kimeharibika, bali kiliharibika lini. Ripoti iliyokuwa sahihi mwezi uliopita leo inatoa jumla ya ajabu, na katikati timu imeingiza mabadiliko 1,000. Wengi hapa huanza kusoma msimbo kuanzia juu kwenda chini huku wakiwashuku wenzao. Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kina amri inayomaliza ubishi: git bisect. Unaitajia toleo moja unalojua lilikuwa zima na moja unalojua ni bovu. Inakupeleka katikati kabisa, unajaribu, unaijibu zima au bovu. Ukisema bovu, kosa limo kwenye nusu ya kwanza. Ukisema zima, limo kwenye nusu ya pili. Kutoka 1,000 unabaki na 500, kisha 250, kisha 125, na kufikia jaribio la kumi umeshika badiliko moja mkononi, pamoja na tarehe yake na ujumbe wake. Ukiwa tayari una faili la majaribio kama lile la namba za simu, unaandika git bisect run na jina la amri ya kuliendesha, na kompyuta inafanya mizunguko yote yenyewe.

Ila kuna sharti. Kama timu ina mazoea ya kulundika kazi ya wiki nzima kwenye badiliko moja lenye mistari 3,000 na ujumbe unaosema “marekebisho”, utafikishwa kwenye hilo lundo kisha uachwe hapo. Anayehifadhi mabadiliko madogo, kila moja likiwa linafanya kazi, anajilipia majibu ya haraka ya miezi ijayo.

Halafu kuna kusubiri kunakotoka kwa watu. Mtafiti Sophie Leroy, katika utafiti aliouchapisha 2009, alieleza kwamba mtu akihamia kazi nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile aliyoiacha haijakamilika. Mwaka 2018, yeye na Theresa Glomb wakaonyesha dawa yake ni ndogo: kabla ya kuondoka, andika kwa ufupi umefika wapi na utaanzia wapi ukirudi. Kwa msanidi, njia nzuri kuliko zote ni kuacha jaribio moja linaloanguka kwa makusudi. Asubuhi ukiliendesha, linakuonyesha mahali pa kuanzia.

Upande wa pili ni sisi tunapowakatiza wenzetu. Kwetu salamu ni adabu, na sitaki mtu aiache. Lakini tazama mazungumzo haya ya WhatsApp yanavyokwenda: saa tatu “Mambo”, saa tatu na nusu “Poa, vipi?”, saa nne kasoro “Uko?”, saa nne na robo “Niko”, kisha “Samahani, nina swali kidogo.” Saa nzima na ushee imepita, wote wawili wamekatizwa mara mbili mbili, na swali lenyewe halijaulizwa. Weka salamu na swali kwenye ujumbe mmoja: “Habari za asubuhi kaka, samahani kwa usumbufu. Kipande cha kusafisha namba kinakataa za 01. Nimejaribu kwenye nakala kuu ya msimbo na kwenye yangu, matokeo ni yale yale. Naona kuna mstari unaodai 7 baada ya 254. Uliuweka kwa sababu maalumu, au niurekebishe?” Huyo atajibiwa kwa neno moja, hata na mtu aliye kwenye matatu. Na mara nyingi ukiandika ujumbe wa namna hiyo, utagundua jibu kabla hujautuma. Wapo wasanidi wanaoweka bata wa plastiki mezani na kumweleza kosa mstari kwa mstari, na inafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Utauliza, akili bandia je? Si ndiyo inayotuandikia msimbo siku hizi? Ni kweli inaandika haraka, lakini tumeshaona kwamba kuandika hakukuwa ndiko kulikokula siku. Julai 2025, shirika la utafiti la METR lilitoa matokeo ya jaribio la wasanidi wazoefu 16 waliofanya kazi 246 kwenye miradi waliyoifahamu vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili bandia, kazi iliwachukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Wao wenyewe, hata baada ya kumaliza, waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Zilikuwa zana za mwanzoni mwa 2025, na zana zinabadilika. Kwa mtu aliye kwenye lugha asiyoijua, hesabu yaweza kuwa tofauti kabisa. Lakini somo la msimbo ni lile lile. Mistari 400 iliyotoka kwa nusu dakika ni mistari 400 ambayo bado hujui kama ni ya kweli, na mwenye majaribio ya sekunde moja atajua upesi kuliko asiye nayo.

Mtu wa mwisho anayengojewa ni mwenzako anayepitia msimbo wako kabla haujaingia kwenye mfumo. Huwezi kumharakisha, na kumkumbusha kila saa kunamkera tu. Unachoweza kupunguza ni mzigo unaomtwika, na hapa zana zinazoandika kwa wingi zinatushawishi vibaya. Mabadiliko ya mistari 60 atayasoma kabla ya chai ya saa nne. Ya mistari 1,200 atayaahirisha hadi Ijumaa, na Ijumaa jioni atayapitisha bila kuyasoma.