Kruzi kontroli inamfuata anayetembea, aliyesimama ni juu yako

Desemba ikikaribia, watu wanapojiandaa kwenda mikoani, simu ninazopigiwa hubadilika. Maswali ya AC na betri yanapungua, yanaingia ya vitufe vya usukani. "Fundi, hiki chenye picha ya spidi mita na kamshale ni cha nini?" "Fundi, gari langu lina kruzi au halina?" Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam, na magari ninayoyashika karibu yote yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Yamekuja na kamera, rada na breki za kujipiga ambazo wenye nayo wengi hawajui kama wanazo. Wachache wanaojua huziamini kupita kiasi, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi.

Tuanze na kruzi ya kawaida, ile ya zamani, inayolishikilia gari kwenye mwendo mmoja bila mguu wako. Aliyeibuni ni Ralph Teetor, injinia wa Marekani aliyepofuka akiwa mtoto wa miaka 5. Alipata hataza yake mwaka 1950, na Chrysler wakaanza kuiweka kwenye magari yao ya 1958. Kifaa chenyewe mpaka leo hakioni chochote. Kinajua namba moja tu, mwendo ulioseti, na kazi yake ni kuongeza au kupunguza mafuta ili namba hiyo isibadilike. Unawasha kitufe kikuu, unafika 80, unabonyeza SET, unatoa mguu. Ukigusa breki inaachia. Ukibonyeza RES inarudi kwenye mwendo wa mwanzo.

Hiyo RES ndiyo inayowaponza watu. Umeseti 100, umefika kijijini, kibao cha 50 hiki hapa, umekanyaga breki ukashuka. Katikati ya kijiji unaona mguu umechoka, unabonyeza RES. Gari halijui kwamba uko mbele ya shule. Linakumbuka 100 na linaanza kuitafuta. Kwenye eneo la 50 usiguse RES kabisa. Shuka hadi 50, kisha bonyeza SET upya. Nikiwa safarini hii ndiyo kazi kubwa ninayoipa kruzi, kuliko hata kwenye mbuga tupu. Vijiji vya barabara ya Morogoro na Iringa vimefuatana, kibao cha kumaliza 50 kiko mbali, na mguu una tabia ya kuongeza mafuta wenyewe kidogo kidogo mpaka trafiki anatokea kwenye mti na tochi yake ya kupima mwendo. Ila magari mengine hayakubali kusetiwa chini ya 40 hivi, kwa hiyo msishangae mkiikosa kwenye foleni. Kama gari lako lina kitufe cha LIM, hicho ni kizuri zaidi kwa vijijini: unaendesha kwa mguu wako kama kawaida, lakini gari linakataa kupita mwendo uliouweka.

Halafu kuna swali la kama 50 ya dashibodi ndiyo 50 ya tochi. Kwa kanuni za kimataifa spidi mita hairuhusiwi kusoma pungufu ya mwendo halisi, bali inaruhusiwa kuzidisha kidogo, kwa hiyo gari likiwa na tairi zake za kiwandani uko salama. Wale mnaoinua Harrier na kuvalisha tairi kubwa hesabu hiyo imewageukia: gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko kompyuta inavyodhani. Mtaseti 50 na mtapigwa tochi mkiwa na 50 na kitu, na mtaapa kwamba trafiki kawaonea.

Milimani izime. Kruzi ya kawaida haina mamlaka juu ya breki, inaachia mafuta tu. Ukiteremka mlima Kitonga ukiwa umeseti 60, mteremko utakupeleka 70, 80, na kruzi inakutazama. Ukipanda nayo, inaona mwendo unapungua, inakanyaga mafuta hadi mwisho na kuporomosha gia, enjini inapiga kelele na mafuta yananywewa bure. Mteremkoni weka gia ya chini, enjini ikushikilie.

Sasa tuje kwenye kruzi ya rada, inayojirekebisha yenyewe kufuata gari la mbele. Wengi wanadhani kila Toyota yenye kamera kwenye kioo ina hii. Hapana. Toyota ilipoanza kutoa mfumo wake wa usalama uitwao Safety Sense mwaka 2015, iliutoa kwa namna mbili. Magari madogo yalipewa C, yenye kamera moja na leza kwenye kiboksi nyuma ya kioo cha ndani: inakuonya, inajipigia breki, inapiga kelele ukitoka kwenye mstari, basi. Kruzi ya kufuata gari ilikuwa kwenye P, yenye rada kwenye shoo, yaani wavu wa mbele wa gari, mara nyingi nyuma ya nembo. Subaru wao tangu 2008 wana EyeSight, kamera mbili zilizokaa kama macho juu ya kioo cha mbele, na kazi yote inafanywa na hizo. Njia rahisi ya kutambua ni kuangalia usukani: ukiona kitufe chenye picha ya gari na vimistari vya umbali, unayo. Usipokiona, hata kama lina kruzi, halitapunguza mwendo kwa sababu ya aliye mbele. Nimeshapakia abiria kiti cha nyuma wakaniambia, "Liache fundi, litapunguza lenyewe," kwenye gari ambalo halina hata rada.

Hata ukiwa nayo, elewa rada inavyofikiri. Inatuma mawimbi na kupima mambo mawili: kitu kiko umbali gani, na kinakusogelea kwa kasi gani. Lori la mbele linalotembea 70 wakati wewe una 90 linakusogelea kwa 20, na hapo rada inajua hiki ni chombo cha barabarani. Lakini kitu kilichosimama kinakusogelea kwa mwendo wako ule ule, 90 kamili. Kibao cha barabarani nacho kinakusogelea kwa 90. Kingo za daraja, nguzo, kopo lililotupwa, vyote 90. Rada ikipigia breki kila kitu cha namna hiyo, gari halitakwenda. Kwa hiyo kwenye mifumo mingi, hasa ya miaka ya nyuma, watengenezaji waliiambia ipuuze vitu vilivyosimama ambavyo haikuwahi kuviona vikitembea. Si siri, imeandikwa kwenye vitabu vya magari: kruzi inaweza isilitambue gari lililosimama. Tatizo ni kwamba vitabu hivyo vinakuja kwa Kijapani na tunavitupa.

Kwa Japani hilo si balaa kubwa sana. Gari likiharibika kwenye barabara zao za kulipia linaondolewa haraka. Kwetu lori likivunjika ekseli linalala pale pale, nusu kwenye lami, siku nzima na usiku kucha. Taa hazina umeme, rifleta zimefunikwa na vumbi, na badala ya pembetatu dereva amekata matawi ya miti akayapanga barabarani. Matawi yale ni lugha ambayo kila dereva wa Tanzania anaielewa. Rada haiyaoni.

Piga hesabu. Kwa kilomita 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Ukitumia sekunde moja na nusu kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki, mita 42 zimekwisha. Breki nzuri kwenye lami kavu zinataka mita nyingine hamsini na kitu. Jumla ni karibu mita 100, na taa zako fupi hazimuliki hata nusu yake kwa uhakika. Na aliyezoea kruzi ya rada mguu wake hauko karibu na breki. Umekunjwa chini ya kiti, au uko kwenye kapeti umepumzika, kwa hiyo ile sekunde na nusu inakuwa mbili au zaidi.

"Lakini fundi, si lina breki ya kujipiga?" Linayo. Ile ya Safety Sense C ilifanya kazi kati ya kilomita 10 na 80 kwa saa, na ilikusudiwa kupunguza mwendo kwa takriban 30. Una 100, haipo kazini. Una 80, ukibahatika unaligonga lori kwa 50. Mifumo mipya inayochanganya kamera na rada imeboreka sana, siwezi kukana, lakini magari mengi tuliyonayo mtaani hayajafika huko.

Wanyama ndiyo kabisa. Mikumi barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, na watu wanaiwasha kruzi pale kwa sababu pamenyooka. Mifumo hii ilifundishwa kutambua magari, na baadaye watu na baiskeli. Nyati anayevuka jioni hayumo, na ng'ombe wa Chalinze hayumo pia.

Kuna mambo mawili zaidi ya kruzi ya rada yanayowashtua watu. La kwanza ni kona. Unafuata lori kwa 40, umeseti 90. Lori likipinda, rada inatazama porini, inaona mbele kweupe, na gari linaanza kukimbilia 90 katikati ya kona. La pili ni nafasi. Mfumo unaacha umbali wa kistaarabu, na kutoka Kibaha mpaka Ubungo nafasi ya kistaarabu ni mwaliko. Kosta itaingia. Gari lako litapunguza ili lijenge nafasi nyingine, Noah itaingia. Mpaka ufike mjini umepitwa na mji mzima.

Breki ya kujipiga, kinyume chake, naitetea hasa mjini. Kuna mama mmoja alikuja akiwa amekasirika kweli.

"Fundi, hili gari limeingiwa na nini? Linajipigia breki lenyewe! Juzi Mwenge kidogo kosta ya nyuma inivae."

"Pole sana mama. Mbele yako kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu. Bodaboda tu, alinikatia."

Bodaboda tu. Alipita kiganja kimoja kutoka kwenye bampa, na kwetu hiyo ni kawaida, lakini kwa kompyuta ile hiyo ilikuwa ajali inayotokea. Alitaka nikate waya. Nikamwonyesha kwenye menyu sehemu ya kuchagua tahadhari ianze mapema, wastani au karibu, nikaiweka karibu. Sikati waya. Kwenye foleni, mtu ameinama kwenye simu na wa mbele kasimama ghafla, breki hii ndiyo inayookoa bampa, na mwendo wa foleni ndio mwendo ambao inauweza.

Kuhusu ubovu niseme kidogo, maana nusu ya "kruzi imekufa" ninazoletewa si kruzi. Ukiona vitufe vya usukani havifanyi kazi, honi imekufa, na taa ya eabegi inawaka, vyote kwa pamoja, fikiria kloksipringi kwanza. Ni utepe mwembamba wa nyaya uliojiviringisha ndani ya kiboksi cha duara nyuma ya usukani, unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona. Ukifunguliwa unaona kabisa pale ulipokatika, mara nyingi ni kwa sababu fundi fulani alitoa usukani kutengeneza kitu kingine akaurudisha bila kuuweka katikati, na kona ya kwanza ya kukata usukani hadi mwisho ikaukata. Kama badala yake inawaka taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki, tafuta sensa ya gurudumu. Gari lisilojua mwendo wa magurudumu yake haliwezi kushika kruzi. Taa ya cheki enjini nayo kwenye magari mengi inaifunga kruzi kwa makusudi. Na yule dada anayekusalimia kwa Kijapani kila ukiwasha hahusiki kabisa: anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara za Japani. Kifaa hicho kinaweza kuchomolewa, hakidhuru kitu.

Ngao ya chuma mbele ya rada iondoe. Nembo ya mtaani, ile ya kromu nzito, usiibandike juu ya nembo ya kiwandani. Ile ya asili imetengenezwa kupitisha mawimbi. Sensa za pembe za nyuma, zinazokuonya kuhusu gari la pembeni, ziko ndani ya bampa, kwa hiyo bampa likipigwa puti nene na rangi juu, nazo zinaharibika macho. Na saiti mira ikiibwa, ukinunua kwenye maduka ya spea ya Gerezani hakikisha ina ile taa ndogo ya onyo, la sivyo mfumo utaendelea kuona gari la pembeni bila kukuambia.

Kinachonikera zaidi ni vioo vya mbele. Jiwe limepasua kioo, mtu anabadilishiwa kingine kwa saa moja, kamera inagundishwa juu yake na gari linaondoka. Kamera ikipinda digrii moja tu, umbali wa mita 100 mbele inakosea kwa karibu mita 1.75, ambayo ni nusu ya njia yako. Gari litaanza kumfuata lori la njia ya pembeni na kumpuuza aliye mbele yako, au litakupigia breki kwa sababu ya mtu anayetembea zake ukingoni. Na taa ya hitilafu inaweza isiwake. Kabla ya kumlipa mwenye kioo muulize kama kioo chake kina dirisha la kamera lisilo na rangi, na muulize nani ataipanga kamera upya kwa mashine na vibao vyake. Akikwambia itajipanga yenyewe barabarani, magari mengine kweli yanajipanga hivyo, mengine hayawezi. Ataje lako liko kundi lipi. Asipojua, zima mfumo wote kwa kitufe mpaka umpate anayejua.

Mvua ikianza kunyesha, zima kruzi ya aina yoyote. Tairi zikielea juu ya maji unahitaji kuwa umeshaachia mafuta, na kruzi bado inayashikilia.

Nikiwa peke yangu barabarani mchana, nimeshateremka mlima Sekenke na naitafuta Nzega kupitia Igunga, pale naiseti bila wasiwasi, mguu juu ya breki. Jua likizama naizima.