Je, wajua kwa nini kuvu inayoozesha magogo huweza kuondoa rangi katika maji taka?

Rangi za viwanda vya nguo hutengenezwa makusudi zisichujuke kwa jua, sabuni wala jasho, na kwa sababu hiyo ile sehemu isiyoshika kwenye kitambaa, ikishamwagwa pamoja na maji, huwashinda bakteria wa kawaida wa mitambo ya maji taka. Nyingi ni rangi za azo, ambazo molekuli zake zimeungwa kwa jozi ya atomu za nitrojeni. Kiungo hicho kikivunjika, rangi hupotea.

Kuvu za uozo mweupe, kama vile Phanerochaete chrysosporium na Trametes versicolor, hazikuumbiwa kazi hiyo. Chakula chake ni mti uliokufa, na ili zikile hazina budi kwanza kuibomoa lignini, dutu ngumu inayoupa mti uimara na ambayo muundo wake haufuati mpangilio mmoja. Kimeng'enya cha kawaida, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, huchagua molekuli yake kama ufunguo unavyochagua kufuli, lakini hapa ufunguo mmoja haufai kitu. Kwa hiyo kuvu hizi humwaga nje ya nyuzi zake vimeng'enya visivyochagua sana, yaani lakase, inayotumia oksijeni, au peroksidasi, zinazotumia peroksidi ya hidrojeni, au vyote viwili, ambavyo hupokonya elektroni kwenye molekuli za aina nyingi zenye pete za kaboni. Rangi ya nguo nayo ina pete hizo, basi huvunjwa pamoja na lignini. Mwaka 1983, watafiti Glenn na Gold walichapisha ushahidi kwamba Phanerochaete huondoa rangi kadhaa za polima, yaani rangi zenye molekuli kubwa za mnyororo.

Faida yake ni kwamba bakteria wanaovunja rangi za azo pasipo oksijeni huacha amini, yaani vipande vya rangi vyenye nitrojeni, ambazo baadhi yake husababisha saratani, ilhali kuvu huweza kuzivunja zaidi. Hata hivyo, maji kung'aa si sawa na maji kuwa salama, na sumu iliyobaki sharti ipimwe.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, hakiko katika uwezo wa kuvu bali katika mazingira ya kiwandani: kuvu hizi hupenda hali ya asidi kiasi, ilhali maji ya viwanda vya nguo mara nyingi ni ya moto, yana chumvi na alkali nyingi, tena yamejaa bakteria wanaokua upesi kuliko kuvu. Baadhi ya watafiti hukwepa tatizo hilo kwa kutumia vimeng'enya peke yake, hata vile vinavyokamuliwa kutoka kwenye mabaki ya malighafi yaliyooteshewa uyoga wa mamama (Pleurotus) baada ya mavuno, kwa kuwa uyoga huo nao ni wa uozo mweupe.