Vidonda vya utumbo mpana si vidonda vya tumbo: mgonjwa ale nini?

Kila inapokaribia Mei 19, siku ambayo dunia huwakumbuka wanaoishi na magonjwa sugu ya utumbo, maswali ya lishe huongezeka, na mengi huanzia kwenye kosa lilelile. Mgonjwa ameambiwa ana kolaitisi ya vidonda. Amelisikia neno "vidonda" tu, akarudi nyumbani kunywa maziwa na juisi ya kabichi.

Ndugu zetu, hayo ni magonjwa mawili. Vidonda vya tumbo hukaa kwenye mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mdogo. Kolaitisi ya vidonda iko kwenye utumbo mpana, huanzia kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo huo karibu na njia ya haja kubwa, na kupanda, kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia ukuta wa utumbo wenyewe. Hakuna chakula kilichokuletea ugonjwa huu, wala hakuna kitakachouponya. Tumelisema hili mara nyingi, na bado watu wanaacha dawa kwa sababu jirani ana mizizi.

Chakula kina kazi yake. Ugonjwa unapochachamaa, utumbo hauwezi makapi. Acha dona, kula ugali wa sembe au wali mweupe. Maharage, mahindi ya kuchoma, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga visubiri. Sato au sangara wa kuchemsha ni chakula kizuri sana wakati huu. Wa kukaanga kwenye mafuta mengi hapana. Viazi vimenywe, ndizi ziwe zimeiva. Maziwa yakikuharisha yaache. Yasipokudhuru, hakuna anayekukataza. Pilipili, pombe na kahawa hukera wengi. Ukiharisha sana, changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, nayo imwagwe baada ya saa 24. Si nusu pakiti kwenye glasi.

Ukitulia, rudisha vyakula, kimoja baada ya kingine kwa siku chache, ukiandika kwenye daftari. Hapa ndipo tunapoumia zaidi. Wapo wanaokuja wamekonda kwa kula uji mweupe miezi mingi, wakiogopa kila mboga. Damu inayotoka chooni hupunguza madini ya chuma mwilini, salfasalazini, dawa ya ugonjwa huu, huzuia mwili kufyonza asidi ya foliki, na prednisoloni, dawa nyingine ya kuutuliza, ikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa. Mtu huyo anahitaji samaki, nyama, mchicha uliopikwa ukalainika, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ambao soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wapo tele. Prednisoloni isikatishwe ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuamsha ugonjwa, hata zikinunuliwa duka la dawa la jirani.

Kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria, choo chenye damu si lazima kiwe kolaitisi. Kichocho na amiba huleta dalili hiyohiyo, na mwenye amiba akipewa prednisoloni anaweza kuzidiwa vibaya. Kwa hiyo ukiombwa sampuli za choo za siku tatu tofauti, lete tatu, kwenye kikopo safi chenye kifuniko, kisichoingia mkojo, asubuhi hiyohiyo. Mayai ya kichocho huweza kukosekana kwenye sampuli moja. Hatukusumbui. Ukienda choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku ukiwa na homa au moyo unaoenda mbio, usisubiri majibu wala kliniki. Njoo siku hiyohiyo.

Kuhusu kolonoskopi, kipimo cha kuutazama utumbo mpana kwa mpira wenye kamera, ambacho aliyeugua takriban miaka minane hukihitaji pia kuangalia dalili za saratani: vidonge vya madini chuma huachwa wiki moja kabla, baada ya kumwuliza daktari wako. Siku chache kabla, acha nyanya, mapera, tikiti na chochote chenye mbegu. Siku ya mwisho ni maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa tu, pamoja na dawa ya kusafisha tumbo, yote, hata ikichosha. Rozela na vinywaji vyote vyekundu ni marufuku, kwa kuwa ndani huonekana kama damu. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, maana utapewa dawa ya usingizi. Tumbo lisiposafishika kipimo hakifanyiki, na utapangiwa tarehe nyingine, hata kama umevuka kwa meli kutoka Ukerewe.