Je, wajua kwa nini Huang Shuqin alimvika mwanamke sura ya mwinda mapepo?

Mwanamke ameketi mbele ya kioo. Anajipaka rangi usoni, nyekundu, nyeusi na nyeupe, mpaka sura yake inapotea kabisa. Akishamaliza, anayemtazama kutoka kwenye kioo ni Zhong Kui, dume lenye ndevu na macho makali. Kamera inahama, vioo vinaongezeka, na sasa hatujui tena nani anamwangalia nani: mwanamke anamtazama Zhong Kui, au Zhong Kui anamtazama mwanamke.

Hivyo ndivyo inavyoanza Ren Gui Qing, yaani Mapenzi ya Binadamu na Pepo, filamu ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Huang Shuqin wa Shanghai. Kwa nini mwongozaji mwanamke, aliyetaka kusimulia maisha ya mwanamke, alimchagua anayesifika jukwaani kwa kuigiza mwanamume?

Kwanza, Zhong Kui ni nani? Katika masimulizi ya Wachina alikuwa msomi aliyefaulu mtihani wa kifalme, akanyimwa heshima yake kwa sababu ya ubaya wa sura. Kwa uchungu akajiua. Huko kuzimu akapewa mamlaka ya kuwawinda mapepo wabaya. Opera moja mashuhuri, yaani mchezo wa jukwaani wa kuimba, inasimulia jinsi alivyorudi duniani kumwoza dada yake, maana hata mauti hayakumfanya amsahau. Ana sura ya kutisha, lakini ni mlinzi wa wanyonge, na hasa wa mwanamke mmoja.

Mhusika huyo alikuwa na mwigizaji wake hasa: Pei Yanling, mwanamke kutoka jimbo la Hebei, aliyelelewa katika opera na kubobea katika nafasi za wanaume wapiganaji. Huang alisoma habari za maisha yake na swali likamganda: kwa nini mwanamke mwenye kipaji kikubwa namna hii achague kuwa mwanamume, tena mwenye sura mbaya kuliko wote? Filamu ilizaliwa kutokana na swali hilo. Mhusika mkuu aliitwa Qiu Yun, akaigizwa na Xu Shouli, na kila Zhong Kui anapotokea, ni Pei mwenyewe aliye nyuma ya rangi.

Jibu la filamu linauma. Qiu Yun akiwa mtoto, mama yake anaikimbia familia na mwanamume mwingine, na aibu yote inamwangukia binti. Watoto wenzake wanamtania, hata kijana aliyemwona kama rafiki anamgeuka. Anaamua kuigiza wanaume ili yasimkute yaliyomkuta mama yake. Lakini haikumsaidia. Kuna tukio ambapo akiwa msichana mwenye nywele fupi anaingia choo cha wanawake, akadhaniwa mvulana na kuburutwa nje mbele ya kundi la watu. Akijifanya mwanamume, wanamwadhibu. Akiwa mwanamke, umbeya haumwachi. Na hapo ndipo ninapouona ujasiri wa Huang: hakumpa Qiu Yun mume mwema wa kumwokoa. Mwanamume pekee anayemlinda ni yule anayemwigiza mwenyewe.

Huang aliyajua haya kwa kuyaishi. Alizaliwa Shanghai mwaka 1939, binti wa Huang Zuolin, mwongozaji mkubwa wa michezo ya jukwaani, na mama aliyekuwa mwigizaji. Alihitimu Chuo cha Filamu cha Beijing mwaka 1964 na kupangiwa kazi Studio ya Filamu ya Shanghai. Miaka miwili baadaye yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni kali ya kisiasa ya kiongozi wa China, Mao Zedong, na ndoto ya kuongoza ikasimama. Baada ya hapo alikuwa msaidizi wa mwongozaji mashuhuri Xie Jin, na filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1981, miaka 17 baada ya kuhitimu.

Mfumo wa serikali ulikuwa umewafungulia wanawake milango. Studio zilikuwa za umma, mhitimu alipangiwa kazi na kulipwa mshahara, na China ikapata waongozaji wanawake kama Wang Ping, Dong Kena na Zhang Nuanxin. Ila mlango ule ulikuwa na sharti lisilosemwa: fanya kazi kama mwanamume, kwa jicho la mwanamume. Huang alilieleza kwa mfano wa nyumba yenye madirisha ya kaskazini na kusini tu. Mwanamke anapoongoza filamu, alisema, anafungua dirisha la mashariki, na mandhari yanayoonekana huko ni mengine. Qiu Yun na mwongozaji wake walikuwa na shida moja: wote walisifiwa kwa kuiweza kazi ya wanaume.

Mwaka 1989 filamu ilipata tuzo katika tamasha la filamu za wanawake la Créteil, Ufaransa. Mhakiki Dai Jinhua ameipa nafasi ya pekee kati ya filamu za China zinazomhusu mwanamke.

Baadaye Huang alimwongoza mwigizaji Gong Li katika filamu ya mwaka 1994 kuhusu mchoraji Pan Yuliang. Lakini Wachina wengi walimjua kwa tamthilia za televisheni: Wei Cheng ya mwaka 1990, kutoka riwaya ya Qian Zhongshu, na Nie Zhai ya mwaka 1995. Hii ya pili inawafuata watoto watano wanaosafiri kutoka Yunnan hadi Shanghai kuwatafuta wazazi wao, vijana wa mjini waliopelekwa mashambani wakati wa Mao, wakazaa huko, kisha wakarudi mjini na kuwaacha. Huang alifariki Shanghai tarehe 21 Aprili 2022. Mwanawe, Zheng Dasheng, naye ni mwongozaji wa filamu.